Bingwa Aliyekosa Mpinzani

Mizani ya soko la mifugo la Kakuma ilitengenezwa kwa ajili ya mbuzi, lakini Longor Ekiru hakuwa na nyingine. Kila Jumanne asubuhi, kabla wachuuzi hawajajaa, alishika ndoano ya chuma kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia, na mwenye mizani akamsomea. Jumanne hiyo ya Agosti, mwaka 2013, alitimiza kilo tisini na mbili. Bondia wa uzito wa juu akishuka chini ya tisini na moja si wa uzito wa juu tena. Mwenye mizani akamwambia kwamba mbuzi wa kiasi hicho angempatia mnunuzi kabla chai haijapoa. Watu wawili wakacheka. Longor akaachia ndoano, akavaa shati lake la usoja, akaenda kazini kulinda lango la shirika moja la misaada.

Alikuwa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu wa Kenya nzima. Hakuwa amemficha mtu habari hiyo, ila hapakuwa na aliyeuliza.

Ubingwa wenyewe aliupata Nairobi, Septemba ya mwaka uliotangulia. Mpinzani aliyepangiwa alivunjika kidole gumba siku mbili kabla. Waandalizi wakakimbia huku na huku, wakarudi na jamaa mmoja mnene aliyekuwa akilinda mlango wa baa, wakamvisha glavu. Kengele ilipolia, watu walikuwa bado wanatafuta viti, na muuza njugu alikuwa amesimama mbele ya meza ya waandishi wa habari. Longor akarusha konde la kushoto ili apime umbali tu. Yule mlinzi wa baa akaketi chini, akatazama dari, akakataa kuinuka. Muuza njugu aliposogea, mwamuzi alikuwa ameshamaliza kuhesabu. Kesho yake gazeti liliandika nusu ukurasa juu ya kijana wa kilo hamsini na moja aliyepigana raundi kumi hadi nyusi zikapasuka. Chini kabisa likaongeza: katika mapambano mengine, L. Ekiru alishinda.

Kocha wake, Josiah Odongo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Lodwar. Ujanani alipigana uzito wa kati, na sasa kila Jumamosi alipanda basi kuja Kakuma kumfua Longor. Josiah alikuwa na maelezo yake juu ya jambo hilo, na aliyatoa hata pale ambapo hakuombwa. Alisema umaarufu wa bondia haumo mikononi mwake, umo usoni mwa yule anayempiga. Kilo hamsini wamejaa nchi hii kama nzige, kila mtaa una wake, wanapigana wanaudhiana wanarudiana, na watu wanawajua kwa sababu ya ugomvi wao. Lakini wanaume wa kilo tisini wanaovaa glavu, alisema, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena mkono wa fundi wa mbao. Mmoja alikwenda Qatar kusimama mlangoni mwa hoteli. Mwingine akaokoka, anahubiri Busia. Aliyebaki ni Longor.

"Wewe ni fahali peke yake zizini," Josiah alimwambia. "Nani atasema una nguvu, kama hujawahi kumsukuma fahali mwenzako?"

Longor alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alikuwa amecheza mapambano sita, na yote sita yalifanana: mtu aliyeokotwa, kengele, mtu chini. Baada ya lile la Nairobi alisubiri furaha ije. Aliisubiri ndani ya basi mpaka Kitale, akaisubiri Kainuk wakati polisi walipokuwa wakikagua mizigo, akafika nyumbani bila kuiona. Mkewe, Nakaale, aliupokea mkanda, akaugeuza nyuma na mbele, akautundika kwenye msumari pamoja na koti la mvua ambalo halikuwa na kazi Turkana. Tangu hapo Longor alikuwa akitaka kitu kimoja tu, wala hakuweza kumweleza mtu bila kuonekana mpumbavu: watu wamwone, mara moja maishani, akipigana na mwanamume anayepigana naye.

Muda ulikuwa umebana. Chama cha ndondi kilikuwa kimeandika barua kwamba taji lisilotetewa hadi mwisho wa Septemba litatangazwa kuwa wazi. Josiah akahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Kaunti ilikuwa mpya, viongozi wake walitaka sherehe, na yeye akawapa sherehe: ndondi Lodwar, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Hapo ndipo palipokuwa na ulingo wa pekee katika Turkana yote, umechomelewa chini usiondoke, na hapo ndipo ndege ya waamuzi ingeweza kutua. Mwandishi wa gazeti la Nairobi, msichana aliyeitwa Wanjugu, aliahidi kuja na kamera yake endapo pambano litakuwa la kweli.

Pambano lilikuwa la kweli, maana mpinzani alikuwa Madut.

Madut alifikishwa kambini Kakuma akiwa mtoto, miaka ya mwanzo kabisa ya kambi hiyo, akitokea Bor, kusini mwa Sudan, kwa miguu. Alikulia humo, akajifunza ngumi humo katika banda la vijana, akaoa humo. Alikuwa na kilo mia moja na nne, na alitembea polepole kama mtu anayebeba maji kichwani. Kwa miaka miwili yeye na Longor walikuwa wamefanya mazoezi pamoja, na siku ya kwanza kabisa walipatana kwamba kila mmoja ataachia nusu tu ya nguvu zake, wasije wakaumizana na kubaki bila wa kufanya naye mazoezi. Kwa hiyo miaka miwili ilipita na hakuna kati yao aliyejua nani zaidi. Josiah alimtafutia Madut leseni ya kucheza, chama kikaikubali. Kilichobaki kilikuwa karatasi ya kutokea kambini.

Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na tangu mwisho wa mwaka uliopita vibali vilikuwa vimekauka kama laga ya Tarach, mto usio na maji ila wakati wa mvua. Karani wa dirisha la vibali, mama mpole aliyeitwa Maryanne, alimgeuzia Madut fomu aione mwenyewe. Kulikuwa na kisanduku cha matibabu, cha masomo na cha mahakama. Ngumi haikuwa na kisanduku. Alimwambia arudi Jumatatu, na Jumatatu akamwambia arudi Alhamisi, na kila mara alimuulizia hali ya watoto.

Nyandeng, mke wa Madut, ndiye aliyepata njia. Sikio la kushoto la mumewe lilikuwa likitoa maji tangu Krismasi, kwa sababu ya makonde hayo hayo. Si lilikuwa linauma? Na daktari wa masikio si yuko Lodwar? Zahanati ikaandika barua, Maryanne akaweka alama kwenye kisanduku cha matibabu, na Madut akapewa siku saba. Hapakuwa na uongo ndani yake. Josiah alifurahi akasema Mungu hutumia hata masikio.

Wiki hiyo hiyo Josiah alileta mabango ishirini kutoka Kitale. Longor alilishika moja kwa ncha za vidole. Hakuwa amewahi kuona uso wake ukiwa mkubwa kuliko ule wa kitambulisho. Pale ulikuwa mkubwa kama sinia, umekunja nyusi, na mbele yake uso wa Madut, na kati yao maandishi mekundu: UBINGWA WA TAIFA, UZITO WA JUU, LODWAR, na tarehe yenyewe. Josiah alitaka ayarudishe mengine Lodwar, lakini Longor akamwomba amwachie kumi. Akamwambia Nakaale apike uji mzito wa unga wa ngano, wa kubandikia.

"Baba Asekon," Nakaale alimwambia akikoroga, "unataka kujibandika kila mahali kama mtu aliyepotea."

Akabandika kwenye ukuta wa kinu cha posho. Akabandika kwenye duka la Msomali pale kambini, na nje ya kanisa, na kwenye kituo cha mabasi. La mwisho alilipeleka kwenye kizuizi cha polisi mwisho wa mji, kwa sababu kila gari linalokwenda Lodwar husimama hapo, na abiria husubiri wakiwa hawana kitu cha kutazama. Aliwakuta polisi wamekwenda kula. Akalilainisha vizuri kwa kiganja kwenye mabati ya kibanda chao, kwa urefu wa macho. Kisha akasimama barabarani, mahali ambapo gari lingesimama, akalitazama kama abiria. Lilionekana vizuri.

Ijumaa, siku moja kabla ya pambano, Longor na Madut walipanda basi la asubuhi wakakaa kiti kimoja, na mtu wa kiti cha nyuma akalalamika kwamba amewekewa ukuta. Kwenye kizuizi basi likasimama. Akapanda konstebo kijana, Kipkemboi, akaanza kukusanya vitambulisho. Alipomfikia Madut uso wake ukachangamka.

"Wewe ndio Madut," alisema. "Nimekuangalia wiki nzima pale kwa kibanda. Kichwa yako iko juu ya sufuria yetu ya chai."

Abiria wakageuka. Kipkemboi akamtazama na Longor, akauliza kama huyu ndiye bingwa mwenyewe, na Madut akajibu kwamba ndiye. Mama mmoja akanyoosha shingo. Longor alihisi joto dogo likimpanda kifuani, akakaa vizuri zaidi. Konstebo akasema yeye kwao Kapsabet walikuwa wanapigana shuleni, akaomba karatasi ya Madut huku bado anatabasamu. Akaisoma. Akairudia.

"Hapa imeandikwa sikio."

"Sikio inauma kweli," alisema Madut.

"Kesho unapigana, na leo wewe ni mgonjwa."

"Hata nikipigana inauma. Itauma zaidi."

Mtu akacheka nyuma. Kipkemboi hakucheka. Aliinama karibu nao, akapunguza sauti, na alipozungumza hakuwa na ubaya wowote. "Ndugu yangu, kama nisingejua, ningekuwa sijui. Mgonjwa wa sikio anaenda hospitali, mimi ni nani. Lakini hii kitu imebandikwa kwa kibanda. Mkubwa wangu anakunywa chai chini yake kila siku. Nikikuacha upite, Jumatatu ataniuliza nilikuwa naangalia nini."

Longor akasema atashuka alibandue sasa hivi.

"Ungebandua jana," alisema Kipkemboi.

Madut hakubishana. Miaka ishirini na moja ya kambi ilikuwa imemfundisha sauti ya mlango uliofungwa. Akachukua mfuko wake wa glavu, akapita katikati ya viti kwa ubavu. Longor alianza kuinuka amfuate, na Madut akamwekea mkono begani akamketisha.

"Malesh, ya akhui. Si kitu, ndugu yangu. Wewe enda, simama pale. Mimi nikikosa na wewe ukikosa, mkanda itakuwa ya nani?"

Basi likaondoka. Longor hakugeuka kumtazama, ingawa alijua amesimama kando ya kibanda, karibu na picha yake mwenyewe. Njia yote hadi Lodwar alitazama vichaka vya mathenge vikipita dirishani, akijaribu kukumbuka ni nani aliyemtuma kubandika lile bango la kumi. Hakuna aliyemtuma.

Jumamosi watu walikuja Lodwar kwa wingi, kutoka Kalokol, kutoka Kerio, wengine kwa malori. Kwaya ya shule iliimba. Viongozi waliketi chini ya turubai. Longor akapanda ulingoni na mkanda kiunoni, akasimama kwenye kona yake, na kona ya pili ilikuwa na stuli na ndoo ya maji. Mwamuzi akaliita jina la Madut mara tatu, akatazama saa yake, akangoja kama kanuni zinavyotaka. Jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa cha Longor na jasho likamchuruzika kana kwamba amefanya kazi. Kisha mwamuzi akaja akauinua mkono wake. Watu wakapiga makofi ya adabu, kama yale ya kumpokea mgeni ambaye hawakuelezwa ametoka wapi. Baada yake wakaingia vijana wawili wembamba wa Kainuk, na ndani ya dakika moja uwanja mzima ulikuwa umesimama, wanawake wanapiga vigelegele na mzee mmoja amevua kofia anaipiga mapajani.

Wanjugu alimkuta nyuma ya turubai akifungua bandeji za mikono. Alimuuliza amecheza mapambano mangapi. Longor akasema sita, na hili la saba. Msichana akaandika saba. Kisha akamuuliza ni katika mangapi mpinzani alifika, akiwa mzima, akiwa amejiandaa.

Longor alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna," alisema.

Wanjugu aliitazama ile saba kwa muda. Alimweleza bila dharau kwamba amempiga picha mkono ukiwa juu, lakini mhariri wake atauliza huyu wa pili yuko wapi. Alikuwa na gari lililomngoja limpeleke kule wanakochimba mafuta. Akampa mkono, akamtakia heri, akaondoka akikwepa miiba.

Josiah ndiye pekee aliyekuwa na furaha. Mpinzani asipotokea, bingwa hubaki bingwa, ndivyo kanuni zinavyosema, na taji lilikuwa lao mwaka mwingine mzima. Longor akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba Jumapili ijayo, baada ya kanisa, atapigana na Madut ndani ya kambi, raundi nane, bila kuachia nusu, na kwamba angependa Josiah awe mwamuzi.

Josiah alidhani ni jua. Alimwambia pambano hilo halina kibali, halina daktari, halina majaji, kwamba akishinda hatapata kitu na akishindwa atakuwa ametupa kila kitu.

"Na ukipigwa, mimi nitakuwa nimeona," alisema. "Siwezi kuona halafu niseme sikuona."

"Ndiyo nataka uone," alisema Longor.

Madut, alipoambiwa, aliuliza tu kama ni kweli bila nusu. Akaambiwa ni kweli. Akasema sawa.

Walisimika nguzo nne karibu na bomba la maji, wakazungusha kamba za kufungia mbuzi mara tatu. Watu walitoka makanisani na Biblia zao wakakuta ulingo, wakabaki. Waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha madumu yashike nafasi zao. Josiah alivua koti, akaweka saa kiganjani, akapuliza filimbi ya shuleni kwake.

Raundi ya kwanza Longor alijifunza kwamba kwa miaka miwili hakuwa amemjua yule mtu. Ngumi aliyoizoea ilikuwa na kaka yake mkubwa nyuma yake. Naye akatoa yake yote, na akasikia Madut akivuta pumzi kwa mshangao, sauti ambayo ngumi za Longor hazikuwahi kuitoa kwa binadamu yeyote. Raundi ya pili Longor alimpasua Madut mdomo. Raundi ya tatu wakasimama katikati kwa dakika nzima bila hata mmoja kurudi nyuma. Ya nne ilikuwa ya Longor. Hata Nyandeng, aliyekuwa kando akishika taulo la mumewe, alikubali baadaye kwamba ilikuwa yake. Ya tano Madut akampiga mbavuni, mkono wa Longor wa kulia ukashuka kuzifunika, na ngumi iliyofuata ikaingia tayani, pale mkono ulipokuwa.

Aliona viatu vya Josiah. Alisikia moja hadi sita vizuri, katika sauti ya mwalimu wa hesabu, na akajua kwamba mwalimu anahesabu polepole kuliko inavyoruhusiwa. Mchanga ulikuwa kati ya meno yake. Alituma habari kwa miguu yake na miguu haikujibu. Alikuwa hana uchungu. Hakuwa na kitu kingine chochote pia, na alikuwa bado anachunguza hali hiyo Josiah aliposema kumi.

Madut mwenyewe ndiye aliyemwinua. Walipokwisha kunywa maji, Longor akautoa mkanda kwenye mfuko, akampa. Madut akaushika, akapitisha kidole kwenye maandishi ya shaba, akamwonyesha Nyandeng, ambaye aliupima uzito kwa mkono mmoja kama anayenunua samaki. Kisha akaurudisha.

"Nitavaa niende nayo wapi? Mpaka kwa kizuizi?" alisema. Waliomzunguka wakacheka sana, naye akacheka kwa ule mdomo uliopasuka. "Kaa nayo. Hawa wote wameona."

Josiah hakuweza kuishi na jambo hilo. Aliandikia chama barua ya kurasa mbili, akaeleza raundi kwa raundi, akatia saini. Jibu lilikuja katikati ya Septemba. Lilisema kwamba pambano lisiloidhinishwa halitambuliki, kwamba rekodi ya bwana L. Ekiru inabaki mapambano saba, ushindi saba, na kwamba taji ni lake hadi mwaka ujao. Josiah alimsomea kwenye simu. Longor akamshukuru, akauliza habari za mvua Lodwar.

Taya lilichukua wiki tatu kupona. Alikula uji, akashuka hadi kilo themanini na tisa, na mwenye mizani hakumtania. Kazini alisimama kwenye lango kama siku zote, akisoma kadi, akiandika majina.

Alhamisi moja, mama wa Kikongo alifika na binti zake wawili kufuata karatasi ofisini. Alitoa kadi, lakini macho yake yalikuwa usoni mwa Longor. Akamwinamia mkubwa wa mabinti akamnong'oneza, na mtoto akaziba mdomo.

"Baba, samahani," alisema yule mama. "Ni weye njo ule Madut alimulalisha?"

Longor akaandika nambari ya kadi hadi mwisho. "Ni mimi," alisema.

Mabinti wakasogea. Walimtazama mikono, wakamtazama kifua, wakarudi usoni, na mama yao hakuwakataza, kwa sababu naye alikuwa akitazama. Nyuma yao foleni ikaanza kuchungulia. Mdogo aliuliza alipigwa hapa au hapa, akijigusa shavu la kulia, kisha la kushoto.

Longor akaweka kalamu chini, akainama hadi kimo cha mtoto, akageuza taya lake upande wenye mwanga, wapate kuona.